Choose, pick, select, elect au opt: zote ni "kuchagua", sasa utumie ipi?

Kuna swali huwa naulizwa sana na watu wanaojifunza Kiingereza, na hata wanaokiandika kila siku kazini, na ni swali la haki kabisa: kama kamusi inaniambia choose ni kuchagua, pick ni kuchagua, select ni kuchagua, elect ni kuchagua na opt nayo ni kuchagua, sasa mimi nachaguaje? Kamusi haijakosea, ila imekupa jibu la jumla wakati we uko kwenye sentensi moja na unataka neno moja.

Nitoe mfano nilioushika kwa mkono. Kijana mmoja wa karibu yangu aliniletea barua ya kuomba nafasi ya masomo nimpitishie macho kabla hajaituma. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa "I picked this course because..." Sarufi safi, hamna kosa. Lakini najua huyu kijana alikaa miezi analinganisha kozi, anauliza watu, anahesabu ada, na ile "picked" ilimfanya aonekane kama aliyepita tu mbele ya meza akadokoa kilichokuwa karibu. Tukaweka "chose". Neno moja tu, na barua ikakaa sawa. Aya ya tatu akawa ameandika "I was elected for an interview", hapo msomaji lazima ajiulize ni nani hao waliopiga kura. Ikawa "selected". Tangu siku ile nimekuwa nikiyachukulia haya maneno kwa uzito, manake tofauti zake ni ndogo ila zinaonekana haraka sana kwa anayesoma.

Vigezo nilivyotumia

Kila kitenzi nimekiangalia kwa mambo yaleyale: kimetoka wapi, kinafuatwa na nini kwenye sentensi, kina uzito gani, yani ni cha nyumbani au cha ofisini, mtego wake uko wapi, na kinamfaa nani. Asili nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Najua kuna watu wanasema asili ya neno haina kazi, kwamba Mwingereza wa leo akisema choose hawazi chochote cha miaka elfu iliyopita, na ni kweli hawazi. Ila kwa sisi tunaojifunza, asili ni kamba ya kushikia. Kila kimoja kati ya hivi vitenzi kina tendo la mwili lililojificha ndani yake, kuna cha ulimi, kuna cha kidole, kuna cha mikono miwili, na ukishaliona hilo tendo inakuwa ngumu kukosea.

Choose: kuonja kwanza

Huyu ndiye mwenye nyumba. Alikuwepo kwenye Kiingereza cha kale akiandikwa "ceosan", kabla hata ya Wanormani kuvuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ukifuata mzizi wake mbali zaidi, kwenye ile lugha ya zamani sana iliyozaa lugha nyingi za Ulaya na India, unakuta maana yake ilikuwa kuonja. Mzizi huohuo upande wa Kilatini ukazaa "gustus", ladha, ndo maana Kiingereza kina "gusto" na kina "disgust", ladha iliyokataliwa. Kwahiyo choose na disgust ni ndugu wa mbali, mmoja ameonja akakubali, mwingine ameonja akatema.

Hebu fikiria hiyo picha kidogo, manake mi naona ndo utajiri wa hili neno. Mtu anayeonja hana haraka, anaweka ulimini, anasubiri, anapima, ndo anasema hiki. Na ndivyo choose inavyofanya kazi mpaka leo, inabeba akili, inabeba hiari, inabeba mtu aliyekuwa na uwezo wa kukataa.

Ndugu zake wa lugha za Kigermanik, yani ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, nao wamefika mbali. Kwenye Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia, kulikuwa na "kjosa", na ndo iko ndani ya jina valkyrja, wale wanawake wa hadithi za kaskazini wanaochagua nani afe vitani, "val" ni waliouawa vitani na nusu ya pili ni mchaguaji. Kijerumani nacho kina Kurfürst, mkuu mwenye haki ya kumchagua mfalme, na hati iliyoitwa Golden Bull ya mwaka 1356 ndo ilithibitisha kwamba wakuu hao ni saba. Ile "Kur" ya mbele ni mzizi huuhuu wa choose.

Utauliza hiyo r imetoka wapi wakati choose ina sauti ya z. Hata Kiingereza chenyewe zamani kilikuwa na r kwenye umbo la tatu, walisema "coren" pale ambapo leo tunasema chosen. Ni badiliko lilelile linaloonekana kwenye was na were, na kwenye lose na forlorn. Karl Verner, mwanaisimu wa Denmark wa karne ya 19, ndiye aliyeeleza kwanini s inageuka r kwenye baadhi ya maumbo. Baadae wasemaji wakasawazisha, ile r ikaondoka kwenye choose, ila kwenye was/were ikabaki na bado inatusumbua.

Alafu kuna choice. Watu wengi wanadhani choice imetoka kwenye choose moja kwa moja kama chaguo kutoka chagua. Kumbe hapana, imezunguka. Kifaransa kilikopa neno kutoka lugha za Kigermanik kikatengeneza "choisir", nomino yake ikawa "chois", na Kiingereza kikaja kuichukua hiyo nomino toka Ufaransa. Neno limetoka kwa jirani, likakaa ng'ambo, likarudi na nguo nyingine, na sasa wanakaa pamoja kama hawajawahi kuachana.

Kwenye sentensi choose haina masharti mengi. Inakubali nomino, "choose a book". Inakubali kitenzi, "choose to stay". Inakubali mtu na nafasi, "choose her as leader". Inakubali between ya vitu viwili na from ya orodha. Uzito wake ni wa katikati, unafaa kwenye meseji na unafaa kwenye barua rasmi.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni maumbo: leo ni choose, jana ni chose, na ukiwa na have au was ni chosen. "Choosed" haipo, "I have chose" haikubaliki kwenye maandishi, na "I choose it yesterday" ndo kosa ninaloliona kuliko yote manake herufi o moja ikizidi wakati unabadilika. Kama tahajia inakuchanganya ujue hauko peke yako, Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 yenyewe imeandika kwamba Baraza la Wawakilishi "shall chuse their Speaker", kwa u, na enzi hizo ilikuwa tahajia ya kawaida tu. Mtego wa pili ni "choose between A or B". Baada ya between inakuja and, siku zote.

Inamfaa nani? Yeyote anayetaka kuonyesha kwamba kulikuwa na kupima. Mwanafunzi anayeeleza kwanini kozi hii, mfanyakazi anayeeleza kwanini aliacha kazi ile, mzazi anayezungumzia jina la mtoto.

Pick: kidole kimeshafika

Pick ni neno la ncha. Kwenye Kiingereza cha Kati, kile kilichofuata baada ya Kiingereza cha kale, lilihusu kutoboa, kudonoa, kuchokoa kwa kitu chenye ncha, na peck ya ndege ni ndugu yake wa damu, ndo maana kigogota kwa Kiingereza ni woodpecker. Sururu ya kuchimbia nayo inaitwa pick. Kile kiplastiki cha kupigia nyuzi za gitaa kinaitwa pick. Kutoka kuchokoa kwa ncha ikaja kuchuma tunda kwa ncha za vidole, na kutoka kuchuma tunda ikaja kuchagua, manake anayechuma lazima aache mengine mtini.

Na angalia Kiswahili kinavyoigawa pick moja kwa maneno mengi: matunda tunachuma, kilichoanguka tunaokota, kuku anadonoa, meno tunachokoa, kufuli tunachokonoa, mfukoni mwa mtu mwizi anachomoa. Zote hizo Mwingereza anasema pick au pick pamoja na kineno kidogo nyuma yake. Kwahiyo ukisikia pick usifikirie kwanza kichwa, fikiria kidole. Mtu ameshanyoosha mkono.

Ndo maana pick ni nyepesi, ya haraka, ya kirafiki. "Pick a number", "pick a card", "pick a colour". Kwenye mchezo wa karata hamna anayekuambia "select a card" labda awe mashine. Na pick haihitaji sababu, unaweza ku-pick umefumba macho na hamna atakayekulaumu, wakati ku-choose ukiwa umefumba macho inasikika vibaya kidogo.

Kwenye sentensi kuna sharti moja kubwa: pick haifuatwi na to ya kitenzi ukimaanisha umeamua kufanya jambo. Huwezi kusema "I picked to stay". Inataka nomino, "I picked the blue one", au mtu na kazi yake, "they picked her to lead the team".

Mtego wake mkubwa ni vineno vinavyomfuata. Pick out bado ni kuchagua, kutoa kimoja kwenye kundi. Pick up si kuchagua tena, ni kuokota au kumpitia mtu na gari. Pick on ni kumwonea mtu, kumsakama yeye tu kila siku. Sasa mtu akiandika "the teacher picked on me to answer" akidhani amesema mwalimu alinichagua nijibu, kuna wasomaji wataelewa hivyo na kuna watakaosikia mwalimu anamwonea. Andika "picked me to answer" uwe salama. Na kuna ule msemo "pick and choose", unaonekana kama kurudia tu neno lakini una harufu yake, mara nyingi unamlaumu mtu anayechukua yanayompendeza na kuruka yasiyompendeza, kama mtu anayetii sheria anazozitaka tu.

Inamfaa anayechati, anayecheza, anayeandika tangazo la kirafiki. Kwenye barua ya maombi, kama nilivyosema, inaweza kukushusha bila wewe kujua.

Select: kutenga pembeni

Hapa tunaingia Kilatini. "Legere" ilikuwa ni kukusanya, kuokota kimoja kimoja, na baadae ikawa pia kusoma, manake kusoma ni kuokota herufi moja moja na kuziweka pamoja. Ukiweka mbele yake "se-", yani pembeni, peke yake, ileile iliyoko kwenye separate, unapata kuokota na kutenga pembeni. Select imeingia kwenye Kiingereza karne ya 16, imetoka vitabuni haikutoka shambani, na mpaka leo inanukia karatasi.

Ukoo wa legere ni mkubwa mno na ukiujua unaokoa muda wa kukariri. Collect ni kukusanya pamoja. Neglect ni kutookota, umeliona limelala hapo ukaliacha. Elegant kwa asili ni mtu anayejua kuchagua. Intelligent ni anayechagua kati ya vitu, anayetofautisha.

Tendo la select ni kama la mtu anayechambua nafaka, kuna rundo, kuna kigezo, zinazofaa zinawekwa huku na zisizofaa kule. Kwahiyo select inataka mambo mawili yawepo, kundi la kutosha na kipimo. Timu ya taifa inakuwa selected. Walioitwa kwenye intavyuu wamekuwa selected. Sampuli za utafiti zinakuwa selected. Ukisema "I selected a friend" mtu atashtuka kidogo, kana kwamba kulikuwa na fomu za kujaza.

Kompyuta nazo zimeipenda sana. Batani inasema "Select all", hamna anayeandika "Choose all", kwasababu pale hupimi chochote, unatenga tu, unapaka rangi vitu uvishughulikie kwa pamoja. Lugha ya SQL ya kuulizia data, iliyoanzia IBM miaka ya 1970, inaanza maswali yake na SELECT kwa sababu hiyohiyo, inatenga safu zinazotimiza sharti. Ila ukitaka tarehe unakuta "Pick a date", kidole kimoja, tarehe moja.

Swali la kama select inahitaji mtu mwenye akili nyuma yake liliwahi kuwasumbua watu wakubwa. Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alitumia "natural selection", uteuzi wa maumbile, kwenye kitabu chake cha 1859, na mwaka 1866 Alfred Russel Wallace, aliyekuwa amefikia wazo lilelile kwa njia yake, alimwandikia akimwambia kwamba watu wanalielewa vibaya, wanadhani maumbile yanakaa na kuchagua kwa makusudi kama mtu. Akamshauri atumie maneno ya mwanafalsafa Herbert Spencer, "survival of the fittest", yani anayefaa zaidi ndiye anayebaki. Darwin akayaingiza kwenye toleo la tano la 1869, lakini selection hakuiacha. Mi naona wote wawili walikuwa na hoja. Select imebeba kipimo zaidi kuliko ilivyobeba nia, na kwenye maumbile kipimo kipo hata kama mpimaji hayupo.

Sarufi yake ni nomino: select something, select someone for something, select from a list. "I selected to go" haipo, hilo weka kichwani. Na kuna select kama kivumishi, "a select few", wachache waliochujwa. Inamfaa anayeandika ripoti, maelekezo ya programu, matokeo ya usaili, chochote chenye utaratibu unaoweza kuelezwa.

Elect: kuinuliwa kutoka kwenye kundi

Ndugu wa tumbo moja na select, legere ileile, ila mbele ina "e-" ya kutoka nje. Unamwokota mtu kutoka kundini unamweka juu. Leo kazi yake ya kwanza ni kura. Kama hamna kura, au angalau kundi lililokaa likakubaliana, usiitumie kwa mtu.

Hapa sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Kwa Kiswahili mbunge anachaguliwa, waziri anateuliwa. Sasa mtu anaona "teuliwa" ni neno zito, anaona elected ni neno zito, anayaoanisha, anaandika "he was elected minister" kwa mtu aliyeteuliwa na rais. Huyo alikuwa appointed. Aliyepigiwa kura ndo elected. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba president-elect tunamwita rais mteule, hapo teua imegusa elect kweli, ila ni hapo na kwenye maandiko ya dini, "the elect", wateule. Kwingine kote angalia kama kulikuwa na kura.

Mtego mwingine ni l na r. Elect na erect zimetengwa na herufi moja na wengi wetu ulimi unazibadilishana hizo herufi, na kwa bahati mbaya erect ina maana zake nyingine kabisa, kusimamisha jengo au kusimama wima. Kwenye kuandika rudia kusoma mara mbili.

Kazi ya pili ya elect ni ya kiofisi: "she elected to stay", aliamua kubaki, kwa hiari yake, na hilo limewekwa rasmi. Ni nzito, inafaa kwenye mikataba na fomu za bima. Kutoka hapa ndo tunapata elective, na naomba hapa nisimame kidogo kwasababu linagusa afya za watu. Mgonjwa akiona kwenye karatasi "elective surgery" anaweza kudhani ni upasuaji usio na ulazima, wa kupenda tu, akauacha. Maana yake ni upasuaji uliopangwa mapema, ambao si dharura ya saa hiyohiyo. Unaweza kuwa elective na ukawa wa lazima kabisa. Ukiona hilo neno muulize daktari ukiuchelewesha kutatokea nini, usiamue kwa kamusi.

Upande wa sarufi, cheo cha mtu mmoja hakihitaji the: "they elected her president", basi.

Opt: moyo umeelekea huku

Mdogo kwa umbo na kwa umri, ameonekana kwenye Kiingereza karne ya 19 tu, kupitia Kifaransa, kutoka "optare" ya Kilatini, kutamani, kutaka. Option na adopt ni ndugu zake, ku-adopt mtoto kwa asili ni kumtaka awe wako.

Opt haishiki kitu moja kwa moja. Huwezi kusema "I opted the red one", lazima uweke for, "I opted for the red one", au to pamoja na kitenzi, "I opted to wait". Inaashiria njia zilikuwa wazi mbele yako na we ukaelekea hii, mara nyingi ukiacha nyingine iliyokuwa inatarajiwa. "We opted for the train" inakufanya ujiulize walikuwa waende na nini mwanzo.

Lakini uzito wake wa leo uko kwenye opt in na opt out, na haya mawili ukiyachanganya unaweza kuumia. Opt in maana yake haumo mpaka useme ndiyo. Opt out maana yake umo tayari mpaka useme hapana. Kwa lugha ni kineno kimoja tu, kwa maisha ni nani anabeba mzigo wa kusema. Uchangiaji wa viungo baada ya kifo ni mfano mzuri: Wales ilihamia mfumo wa opt out Desemba 2015 na England Mei 2020, yani mtu mzima anahesabiwa amekubali isipokuwa kama alisema hataki, wakati kabla ya hapo alihesabiwa hayumo mpaka ajiandikishe au familia yake ikubali. Kwenye data za mtandaoni sheria ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, imeelekea upande wa opt in, kisanduku kilichotiwa tiki tayari kabla hujakigusa hakihesabiwi kuwa ni ridhaa. Kwahiyo unapojaza fomu yoyote, ukikutana na opt, soma hicho kineno cha nyuma kabla ya kitu kingine chochote.

Majirani wawili, kwa haraka

Decide na prefer si kuchagua hasa ila zinaingia kwenye mazungumzo hayahaya. Decide ni Kilatini "decidere", kukata, na hapa Kiswahili kimefika palepale bila kukopeshana, si tunasema kukata shauri? Decide ni ule wakati kisu kinashuka. Unaweza ku-decide bila kuwa na vitu viwili mkononi, "I decided to sleep". Prefer ni kubeba mbele, kutanguliza, na inaeleza mwelekeo wa moyo tu, haisemi kwamba umechukua hatua. Naweza ku-prefer chai na bado nika-choose kahawa kwasababu chai imeisha. Na ni prefer A to B, usiweke than.

Ziweke kwenye sentensi moja uone

Kitabu kimoja, rafu moja. "I chose this book", nilikuwa na sababu. "I picked this book", nilinyoosha mkono nikakitoa. "I selected this book", nilikuwa natafuta kinachotimiza kigezo fulani, labda nakiweka kwenye mtaala. "I opted for this book", kulikuwa na kingine nikakiacha. "I elected this book", hapana, kitabu hakigombei.

Sasa weka kitenzi baada yake. Chose to stay, sawa. Opted to stay, sawa. Elected to stay, sawa ila nzito. Picked to stay na selected to stay, kwa maana ya kuamua mwenyewe, hazipo. Hii ndo tofauti ya sarufi inayofaa kukariri kuliko zote.

Kwa hali yako

Ukiwa unaandika barua ya kazi au masomo na unajizungumzia wewe, choose. Ukizungumzia walichokufanyia wao, select. Kama umeingia kwenye uongozi wa chama cha wanafunzi kwa kura, elected, na kama mwenyekiti ndo alikuteua, appointed, na usione aibu kuandika appointed, ni heshima vilevile na ni kweli.

Ukiwa unachati na watu wako, pick inatosha karibu kila mahali, na kama unataka kuweka kitenzi nyuma yake rukia choose au decide.

Ukiwa unatengeneza apu au fomu, select kwa orodha na vitu vingi kwa pamoja, choose pale unapomwachia mtumiaji maamuzi yenye uzito kama mpango wa malipo au lugha, pick kama sauti ya apu yako ni ya kirafiki. Ila ukishachagua moja kwenye skrini hiyo baki nayo, usimwambie select juu na choose chini kwa kitu kilekile, atadhani ni vitu viwili.

Ukiwa unasaini mkataba, ukikuta elect ni wewe unaamua na inaandikwa. Ukikuta opt out, jua umeshaingizwa tayari.

Na kama unatafsiri kuja Kiswahili, usikimbilie "chagua" kila mara kwasababu tu inaruhusiwa. Pick the ripe ones, chuma yaliyoiva. She was selected from 200 applicants, inategemea nani alimtoa: kama ni jopo lililokaa, aliteuliwa, kama ni mchujo wa alama, alichujwa akapita. They picked out the bad seeds, walizichambua mbegu mbovu wakazitoa. He chose silence, hapo ndo chagua inakaa vizuri kabisa, alichagua kunyamaza.